Daftari Lisilo na Siku Mbaya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mbele ya cherehani, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, na kwamba utaisoma kwa kurudiarudia kama unavyosoma vipimo vya mteja usiyemwamini. Hujambo lakini? Nakuuliza kama kawaida, ila safari hii nakuomba usiwe na haraka ya kunijibu. Shangazi naye anaendeleaje na goti lake? Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie kitambaa cha pazia alichoniagiza nimekipata, rangi ile ile, asije akasema nimemsahau. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, na mdomo wangu bado unafanya kazi ile ile iliyokufanya uniite Chiriku tangu sijaota meno yote.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Lakini simu zetu, baba, tumeshazizoea kupita kiasi. Nakuuliza sukari, unanijibu sita nukta moja, nakusifu, unaniuliza kama nimekula, tunaagana. Tena kwenye simu nikianza kufoka hakuna wa kunizuia. Barua ina faida yake: ukali ukinitoka naweza kuufuta kabla haujakufikia. Kwa hiyo ukiona mahali pamekatwakatwa na wino, ujue hapo nilikuwa nakufokea na nimejirudi.

Uliniuliza siku moja ni kazi gani hii niliyohamia, ya kukaa kwenye nyumba za watu kusikiliza, wakati nilisomea uuguzi na nimeifanya kazi hiyo miaka kumi kwenye kliniki ya sukari. Nilikujibu ovyo ovyo kwa sababu wakati ule hata mimi sikuielewa vizuri. Ni utafiti, baba. Tunataka kujua watu wenye maradhi ya kudumu, sukari na presha hasa, wanaishije nayo siku hadi siku, na wanapokelewaje wanapokwenda kutibiwa. Tunawafuata majumbani, wanatia saini fomu ya kukubali, tunawasha kinasa sauti, wanazungumza. Baadaye tunakaa ofisini na kuandika kila neno walilosema, mpaka kikohozi. Majina hatuandiki, na tumekula kiapo, ndiyo maana humu hutaona jina la mtu hata mmoja.

Sheria kubwa ya kazi hii ni kunyamaza. Naona unacheka. Cheka tu, maana hata mimi nilipoambiwa nilidhani ni utani. Hairuhusiwi kumkosoa mtu, kumshauri, wala kuonyesha umeshtuka. Unauliza swali lako, kisha unakaa kimya kama maji ya mtungi. Kiongozi wetu, mama mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliniita baada ya mahojiano yangu ya kwanza, tukasikiliza pamoja. Mahojiano yalikuwa ya dakika arobaini. Mimi peke yangu nilikuwa nimeongea ishirini na sita. Mama wa watu alikuwa ameniambia kwa upole kwamba vidonge vyake anavimeza siku moja na kuruka siku moja ili visiishe mapema, nami nikamshushia hotuba kuhusu figo, macho na moyo, mpaka mwisho akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, baba, akiwa amekaa kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake, baada ya kunipa maji ya kunywa.

Sikuwahi kuisikia sauti yangu nikiwa nafoka. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kiongozi hakunigombeza. Alinishauri tu niwe nashika kitu kidogo mkononi, na kila nikitaka kuongea nikibane, nihesabu hadi kumi, na ikibidi kabisa niseme neno moja tu, endelea. Nikatia mkono kwenye mkoba kutafuta kitu cha kushika, nikatoka na kifungo. Unakikumbuka? Ni kile kikubwa cheupe cha juu, cha koti ulilonishonea wiki niliyofaulu mtihani wa uuguzi, ukalifumua mikono mara mbili kwa sababu hukuridhika na mabega. Kilikatika zamani, nikakitupia mkobani, nikawa navaa koti limeachama, mtoto wa fundi mzima. Kuanzia siku hiyo kikawa ndiyo breki yangu.

Wiki za mwanzo nilikibana mpaka kikaniacha na alama kiganjani. Kuna mzee mmoja fundi saa, ana sukari miaka mingi, alijimiminia chai mbele ya macho yangu na kuweka vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa. Baba, nilijikaza kisabuni. Nikahesabu kumi, nikahesabu kumi nyingine. Kisha yeye mwenyewe akaniambia, akiwa anakoroga, kwamba anajua haimfai, lakini marehemu mke wake ndivyo alivyokuwa akimwekea, na hiyo chai ya asubuhi ndiyo kitu pekee kilichobaki vilevile humo ndani. Miaka kumi ya uuguzi, mtu kama huyo nilikuwa namwandikia kwenye faili maneno mawili, hafuati ushauri, namgeukia anayefuata. Sijui nimewaandikia hivyo watu wangapi.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna mama mmoja anayeuza ndoo na masufuria, mcheshi ajabu, ukikaa naye nusu saa mbavu zinauma. Anaishi kwenye chumba kilichojaa beseni hadi darini, ilibidi aondoe rundo zima ili nipate pa kukaa. Nilipomuuliza jinsi anavyojiandaa kwa siku ya kliniki, alifungua pochi akanionyesha kalamu tatu, moja nyeusi, moja ya buluu, na nyingine ya buluu inayokaribia kuisha wino. Nikadhani ananitania. Akanieleza kwamba asubuhi ya kliniki, wakati watu wanangoja kwenye benchi, yeye ndiye mwenye ofisi. Wenzake wanatoa madaftari yao ya sukari, yale ya kuandika kipimo cha kila siku, ambayo hayajaandikwa kitu mwezi mzima, wanaazima kalamu zake na kuyajaza pale pale. Anawafundisha kubadilisha kalamu kila baada ya siku chache, kuikandamiza leo na kuilegeza kesho, ili ionekane namba ziliandikwa kila moja kwa siku yake.

Nilikibana kifungo, nikasema endelea. Akasema zamani hakuwa hivyo. Mwaka wa kwanza alikuwa akijichoma kidole kila asubuhi na kuandika anachokiona, kumi na tatu, kumi na tano, siku nyingine tisa. Siku ya kliniki muuguzi akaliinua daftari lake juu mbele ya benchi zima, akawauliza watu kama huyu ni mtu anayetaka kuishi. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, afanyeje. Tangu siku hiyo, anasema, hajapeleka ukweli pale. Yule muuguzi hakuwa mimi, baba, kliniki yenyewe ni nyingine na iko mbali na niliyokuwa nikifanya kazi. Lakini na mimi nimeshawahi kuliinua daftari la mtu hivyo hivyo. Nakumbuka hata benchi lilivyocheka, na nilivyojiona nimefanya kazi nzuri.

Nikamwomba ruhusa ya kuliona daftari lake. Akatia saini fomu nyingine, akanipa. Sita nukta moja. Tano nukta nane. Sita nukta mbili. Sita. Sita nukta mbili. Tano nukta tisa. Sita nukta mbili. Ile safu naijua kwa moyo, kama ninavyojua namba yako ya simu. Nikamuuliza namba hizi anazitoa wapi. Akanijibu bila wasiwasi kwamba wala haumizi kichwa, wananakili ukutani. Pale kliniki, juu ya meza ya mizani, kuna karatasi kubwa yenye picha ya ukurasa wa daftari la mtu, na juu yake imeandikwa Mgonjwa wa Mfano.

Ni daftari lako, baba.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na usinitafutie visingizio kama ulivyozoea. Mwaka juzi nilipokuja likizo ulinionyesha daftari lako, namba zote nzuri kama zimepigwa pasi. Nilifurahi nikakaribia kuruka. Ulipoingia ndani kumpimia mteja suruali nikalipiga picha. Sikukuomba ruhusa. Nikarudi nayo kazini, nikaibandika juu ya meza yangu, na kila aliyekuja na namba mbaya nikawa namwonyesha kwa kidole, namwambia huyu ni mzee wa miaka sabini, anakanyaga cherehani kutwa, yeye anawezaje na wewe unashindwa. Muuguzi mkuu akapendezwa, akaikuza, akaisambaza kliniki zote za wilaya. Siku hizi natembea na fomu za ruhusa begani kama karani, siwezi hata kugusa daftari la mtu bila saini yake, na la baba yangu mzazi nililitundika ukutani kwa wilaya nzima bila hata kumwambia. Naomba unisamehe.

Nilizima kinasa sauti. Kazi yangu hairuhusu nilichokifanya baada ya hapo, lakini nilifanya. Nilimuuliza yule mama anamwonaje huyo mtu wa ukutani. Akacheka, akasema huyo ni mwenzetu. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia kwa utaalamu wake kwamba daftari la kweli lina siku mbaya. Lina siku uliyokwenda msibani, siku uliyougua mafua, siku uliyokula keki kwenye harusi ukasema liwalo na liwe. Lina alama ya damu pembeni, maana kidole kikishachomwa hakikauki mara moja. Lile la ukutani halina hata doa, mistari imenyooka kama ya mtu aliyekaa na rula, na sita nukta mbili imetokea mara tatu katika wiki moja. Aliyeandika vile, alisema, alikuwa anamwogopa mtu.

Nikamwambia ni baba yangu. Akalichukua daftari lake mikononi mwangu, akalifunga. Halafu akaniuliza kama mimi ndiye unayemwogopa. Machozi yakanitoka pale pale katikati ya beseni. Alinipa khanga yake nijifute, akaniruhusu nikusimulie haya yote, na akanituma nikupe salamu zake. Anasema mwenzake usirudie namba moja mara tatu kwa wiki, utawaumbua.

Nimewaza sana, baba, namba zako zilianza kuwa nzuri lini. Kabla ya hapo ulikuwa unaniambia kumi, kumi na moja, unatania kwamba unazidi kuwa mtamu. Halafu ikaja ile siku dukani kwako. Ulikuwa na wateja wawili na Shangazi, umeshika kikombe cha chai, nami nikaingia na begi langu hata sijasalimia vizuri, nikakionja kikombe chako, nikakichukua mkononi mwako na kwenda kukimwaga nje. Mbele ya wateja wako. Ulicheka ukawaambia, daktari wangu amefika. Wiki ile ile sukari yako ikashuka ikawa sita. Nami nikatembea kifua mbele, nikiamini nimekuponya kwa ukali.

Haya yote bado hayajanifikisha kwenye neno ninaloogopa kuliandika. Nimefuta mistari minne hapa, na si kwa sababu nilikuwa nakufokea.

Mara ya mwisho nilipokuja, asubuhi ya siku ya kuondoka, nilifagia chumba cha cherehani wakati umeingia kuoga. Nilisogeza kandambili zako. Ya kulia ilikuwa na pini iliyochoma kutokea chini, imetokeza juu kwa urefu wa ukucha, na ncha yake ina damu iliyokauka. Ulikuwa umeivaa jana yake kutwa. Ulikwenda nayo hadi kwa muuza nyuzi na kurudi, ulikanyaga nayo cherehani mpaka suruali mbili zikaisha, na ulikuwa unaimba. Baba, miaka kumi nimesimama mbele ya watu kuwafundisha kwamba mguu ukiacha kusikia maumivu, hapo sukari imeshafanya kazi yake, na mtu huyo asingoje hata siku moja. Nilijua nilichokishika. Nikaichomoa ile pini, nikaifuta kwa kipande cha kitambaa, nikairudisha kwenye kopo lako pamoja na nyingine. Ulipotoka bafuni nikakuuliza sukari. Ukanijibu sita nukta mbili. Nikakusifu, nikachukua begi langu, nikaondoka.

Sikudanganywa, basi. Pini ilisema jambo moja na daftari likasema jingine, na mimi nikachagua daftari, kwa kuwa nilishalitundika ukutani. Nilipenda kuwa binti wa Mgonjwa wa Mfano. Nilikuacha na mguu ule miezi mitatu, kila Jumapili nakuuliza namba na sikuuliza mguu. Wewe uliniogopa ukaandika uongo, hilo nalielewa na wala halinikasirishi. Mimi nilijua ukweli nikanyamaza, siku pekee katika maisha yangu ambayo nilitakiwa kupiga kelele.

Kiongozi wetu nimemweleza kila kitu. Safu ya namba zako tumeikuta katika madaftari ya watu watano mpaka sasa, na itaingia kwenye ripoti bila jina la mtu, pamoja na sehemu yangu mimi ndani yake, jinsi picha ilivyofika ukutani. Muuguzi mkuu nilikwenda kumwona mwenyewe. Alinuna, kisha akakubali, na karatasi zimeshushwa. Yule mama wa kalamu tatu amenitumia ujumbe kwamba benchi zima linanilalamikia, maana sasa itabidi watumie akili.

Nakuja Jumatano, baba. Nimepewa wiki nzima ya ruhusa. Alhamisi ni siku ya kliniki yako na nataka twende pamoja, uvue viatu, waiangalie miguu yako yote miwili, kidole kwa kidole. Kabla ya hapo naomba Shangazi akuangalie nyayo leo hii, ukishamaliza kusoma, mkiwa kwenye mwanga wa dirisha, na kama kuna kidonda hata kama punje, msiningoje, nendeni siku hiyo hiyo. Kandambili ziache. Vaa vile viatu vya ngozi unavyovitunzia sherehe, na kila ukitaka kuvivaa, pitisha mkono ndani kwanza. Hili si kufoka, ni kuomba.

Ndani ya bahasha utakuta daftari jipya. Halina kitu. Andika chochote mashine itakachosema, hata iseme ishirini, na siku usiyopima usiandike, acha wazi. Likidondokewa na damu usilifute. Utakuta pia kifungo chako. Hicho kaa nacho wewe. Nikifika nikaanza, na wote wawili tunajua nitaanza, usiseme neno, kinyanyue tu nikione. Nitahesabu hadi kumi. Halafu niambie ni lini miguu ilianza kufa ganzi, na kama huwa unaogopa ukiwa peke yako, na ile chai niliyoimwaga ilikuwa na vijiko vingapi. Nitasema endelea. Zaidi ya hapo sitasema kitu mpaka umalize.

Nawasalimu majirani wote wanaokuja kupiga soga dirishani kwako, na Shangazi mara ya pili, maana najua atauliza kwa nini amesalimiwa mara moja tu. Nakutakia mkono mwepesi kazini na miguu inayosikia. Nakupenda, baba, hata ungekuwa na sukari ya thelathini.

Ni mimi kifungua mimba wako,

Chiriku

Nimesahau jambo. Nakufahamu, ukikishika tu hicho kifungo utatafuta sindano na kuliulizia koti. Koti nakuja nalo, lakini usikishone kwanza. Bado tuna kazi nacho.